Ukilipa deni la nyumba mbele ya muda, riba inakwenda wapi?

Wiki hii tunaacha kidogo habari za barabara na za mapigano. Tunaongea juu ya deni, kwa sababu deni halikimbii vita. Mtu anaweza kuacha nyumba, shamba na mbuzi, lakini deni linamfuata hadi pale alipokimbilia.

Mama mmoja aliyefika Butembo akitokea upande wa Kanyabayonga, baada ya mji ule kuanguka mwisho wa mwezi wa sita 2024, alitujia na kitabu chake cha malipo. Alikuwa amekopa dola 1,200 katika koperative moja kwa muda wa miezi 12, riba ya 2 kwa mia kila mwezi, na karatasi za nyumba yake ndizo alizoacha kama rehani. Kila mwezi alilipa dola 124: 100 za mtaji na 24 za riba. Mwezi wa nne, mtoto wake aliye mbali alimtumia dola 500. Wajukuu walihitaji viatu na karo, lakini mama alisema: "Hapana, kwanza nipunguze deni, riba ishuke, karatasi za nyumba zirudi." Alipeleka zote 500.

Alipofungua kitabu, aliona wameandika malipo ya mwezi wa tano, wa sita, wa saba na wa nane, kila moja dola 124, na dola 4 zimebaki. Riba haikushuka hata senti moja. Akatuuliza: "Baba, walinikulia feza yangu?"

Jibu ni kwamba hawakumwibia. Walifuata karatasi aliyotia sahihi. Lakini namna ile ya kuhesabu si ya pekee duniani, na watu wamegombana juu yake kwa zaidi ya miaka 200, hata mbele ya mahakama kuu. Historia hiyo inafaa tuijue.

Senti inaanza kulipa nini kwanza?

Swali la kwanza ni la zamani. Mdeni analeta feza kidogo. Je, zinakata riba kwanza, ao zinakata mtaji kwanza?

Katika Ufaransa, Code civil ya Napoléon ya mwaka wa 1804 ilijibu waziwazi: mwenye deni la riba hawezi kusema malipo yake yakate mtaji kwanza pasipo mkopeshaji kukubali. Riba inatangulia. Lakini sheria hiyo hiyo ilisema pia kwamba tarehe ya mwisho ya kulipa inahesabiwa kuwa imewekwa kwa faida ya mdeni, isipokuwa mapatano ao hali zionyeshe vingine. Hayo ni kusema kwamba tarehe inamlinda mdeni asisumbuliwe mapema, haimkatazi kulipa mapema. Ubelgiji ilichukua Code hiyo, na dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 juu ya mapatano na madeni katika Congo ilifuata nyayo hizo. Kwa hiyo mambo haya si ya wazungu peke yao. Yaliingia katika sheria zetu tangu wakati wa Léopold II.

Katika Marekani, jibu lilitoka kwa waamuzi. Mwaka wa 1814, mwamuzi James Kent wa New York, katika kesi ya jimbo la Connecticut na mtu aitwaye Jackson, aliweka kanuni: malipo yanakata kwanza riba iliyofikia siku ile. Yakizidi, kile kinachozidi kinakata mtaji, na tangu siku ile riba inahesabiwa juu ya mtaji uliobaki. Lakini malipo yakiwa madogo kuliko riba, ile riba iliyobaki haiongezwi juu ya mtaji. Inawekwa kando, ili riba isizae riba.

Tuchukue mfano. Mtu anadaiwa dola 1,000, riba ni 6 kwa mia kwa mwaka. Baada ya miezi 6 analeta dola 100. Riba ya miezi 6 ni dola 30. Zinabaki 70, na mtaji unakuwa 930. Kama angeleta dola 20 tu, zingebaki dola 10 za riba pembeni, lakini mtaji ungebaki 1,000 ileile, si 1,010.

Mwaka wa 1839, Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha kanuni hiyo katika kesi ya Story na Livingston. Kesi yenyewe ilihusu rehani kabisa. Edward Livingston alikuwa mwanasheria mkubwa ambaye alikuwa pia meya wa New York na waziri wa mambo ya nje. Alikuwa ameacha viwanja vyake vya New Orleans mikononi mwa wakopeshaji kama dhamana ya deni. Wakopeshaji walisema viwanja vimeuzwa kwao. Mahakama ilisema: hapana, ilikuwa dhamana tu, na kodi mlizokusanya humo lazima zihesabiwe kama malipo ya deni. Livingston alikufa mwaka wa 1836, kesi ikiwa bado haijakwisha. Wangapi kati yetu wamemwachia mtu parseli "kwa muda tu", halafu mtu yule anapangisha, anakula kodi, na deni linabaki palepale?

Wafanyabiashara walikuwa na kanuni nyingine kwa madeni mafupi. Deni lote linazaa riba hadi siku ya mwisho, lakini kila malipo nayo yanazaa riba kwa faida ya mdeni hadi siku hiyo. Deni la dola 1,000 kwa 6 kwa mia, ukilipa 500 katikati ya mwaka, mwisho wa mwaka unabaki na dola 545. Kwa kanuni ya Kent unabaki na dola 545 na senti 90. Tofauti ni ndogo, lakini inaonyesha kwamba feza zilezile, siku zilezile, riba ileile, zinaweza kutoa majibu mawili. Namna ya kuhesabu nayo ni bei.

Likirimba ya Birmingham

Mkopo wa kujenga nyumba kwa watu wa kawaida haukuanzia katika banki kubwa. Katika Uingereza, chama cha kwanza kinachojulikana kilianza mwaka wa 1775 mjini Birmingham, katika nyumba ya pombe iliyoitwa Golden Cross, na mwenye mahali pale aliitwa Richard Ketley. Watu walikutana, kila mmoja alitoa mchango kila mwezi, na feza zikitosha mmoja alijengewa nyumba. Kisha mwingine. Kila mtu alipopata nyumba, chama kilivunjwa.

Mtu wa Kivu akisikia hayo anacheka: si ni likirimba yetu? Ndiyo, ni ndugu wa likirimba na wa MUSO. Baadaye, katika miaka ya 1840, vyama vilianza kuwa vya kudumu. Vilipokea akiba ya watu wasiotaka nyumba na kuwakopesha wanaotaka. Hapo ndipo hesabu ya riba ikawa kazi ya karani na vitabu vikubwa.

Karani aliandika kwa mkono. Vyama vingi vilichagua njia rahisi: kuhesabu riba mara moja kwa mwaka. Siku ya kwanza ya mwaka wa hesabu walitazama deni, wakaandika riba ya mwaka mzima, basi. Ulichokilipa katikati ya mwaka kilipokelewa, risiti ikatolewa, lakini kwa upande wa riba ilikuwa kama umekiweka mezani hadi mwaka ukwishe.

Hesabu yake ni hii. Deni ni 10,000, riba 6 kwa mia. Riba ya mwaka ni 600. Tarehe 1 mwezi wa pili unaleta 2,000 za ziada. Kama riba ingehesabiwa kila siku, ungeokoa karibu 110 katika miezi 11 iliyobaki. Kwa hesabu ya mwaka, unaokoa sifuri. Faida yako inaanza mwaka unaofuata. Wakati huo chama kinazo 2,000 zako mkononi, na kinaweza kumkopesha jirani yako kwa riba.

Njia hiyo ilidumu Uingereza hadi karibu na wakati wetu. Mashini za kompyuta zilikuwa zimeingia miaka mingi, udhuru wa karani na kalamu ulikuwa umekwisha, lakini hesabu ya mwaka iliendelea. Ni katika miaka ya 1990 na 2000 ndipo wateja na magazeti walipopiga kelele, na wakopeshaji wengi wakahamia hesabu ya kila siku: deni la leo, mara riba ya mwaka, gawanya kwa 365. Ukileta feza leo, kesho riba ni ndogo.

Miaka ya 1930: nyumba zinapotea

Katika Marekani, shida ilikuwa nyingine. Kabla ya mwaka wa 1930, mikopo mingi ya nyumba ilikuwa ya muda mfupi, miaka mitatu ao mitano hivi. Mara nyingi mtu alilipa riba tu, na mtaji wote ulingojea siku ya mwisho. Siku hiyo alikopa tena ili kulipa. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipokuja, banki zilikataa kukopesha tena, na familia nyingi zikafukuzwa katika nyumba zao. Watu walikuwa wamelipa riba kwa miaka, lakini mtaji haukuguswa.

Serikali iliunda shirika moja mwaka wa 1933, lililonunua ao kubadili mikopo ya nyumba zipatazo milioni moja. Mwaka wa 1934 sheria ya taifa juu ya nyumba ilieneza mkopo wa namna nyingine: muda mrefu, malipo sawa kila mwezi, na katika kila malipo kuna riba na kipande cha mtaji. Mwanzoni riba inakula sehemu kubwa, mwishoni mtaji. Watu wengi wanaona hiyo ni hila ya banki. Si hila. Mwanzoni deni ni kubwa, kwa hiyo riba ni kubwa. Na ndiyo sababu senti ya ziada inayolipwa mwanzoni ina nguvu kuliko ile inayolipwa mwishoni: inaondoa riba ya miaka yote iliyobaki.

Namba 78

Hila yenyewe ilikuwa mahali pengine. Jumlisha 1, 2, 3 hadi 12, utapata 78. Mwaka wa 1935 jimbo la Indiana liliweka katika sheria namna ya kugawa riba kwa anayemaliza deni mapema, na watu wakaiita kanuni ya 78. Riba ya mkopo wa mwaka mmoja inagawanywa katika vipande 78. Mwezi wa kwanza mkopeshaji anachukua vipande 12, wa pili 11, wa tatu 10, hadi wa mwisho kipande 1. Ukimaliza deni baada ya miezi 3, yeye ameshachukua 33 kati ya 78, kama 42 kwa mia ya riba yote, ijapokuwa ni robo tu ya muda.

Kwa mkopo wa mwaka mmoja kanuni hiyo haikuwa mbali sana na haki, na karani aliweza kuihesabu bila mashini. Ubaya ulionekana ilipopelekwa kwenye mikopo mirefu. Fikiri deni la dola 10,000 kwa miaka 30, riba 12 kwa mia kwa mwaka. Malipo ya mwezi ni karibu dola 102 na senti 86. Riba ya kweli ya mwezi wa kwanza ni dola 100. Lakini kwa kanuni ya 78 iliyorefushwa hadi miezi 360, riba ya mwezi wa kwanza inafika karibu dola 150. Mdeni amelipa malipo yake yote kwa uaminifu, na bado kitabu kinaonyesha deni limeongezeka. Akitaka kumaliza mapema, anaambiwa anadaiwa zaidi ya alichokopa.

Bunge la Marekani lilipiga marufuku kanuni hiyo mwaka wa 1992 kwa mikopo ya watu binafsi inayopita miezi 61. Uingereza nayo iliiondoa katika hesabu ya kumaliza deni mapema kwa kanuni mpya za mwaka wa 2004. Kabla ya hapo, Ufaransa mwaka wa 1966 na Marekani mwaka wa 1968 zilikuwa zimelazimisha wakopeshaji kuandika bei ya kweli ya mkopo kwa hesabu moja inayoeleweka, ili mtu aweze kulinganisha.

Turudi kwenye kitabu cha mama

Kwetu, hesabu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni riba ya kudumu, ambayo wengi wanaiita fix ao flat: riba inahesabiwa juu ya mtaji wa siku ya kwanza hadi mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Ya pili ni ya kupungua, wengi wanasema degresif: riba inahesabiwa juu ya kile kinachobaki.

Mkopo wa mama kwa riba ya kudumu ni 24 mara 12, jumla dola 288. Kwa riba ya kupungua, 2 kwa mia ileile, ingekuwa 24, kisha 22, kisha 20, hadi 2 mwezi wa mwisho. Jumla ni dola 156. Ijulikane basi kwamba "2 kwa mia" ya kudumu ni sawa na karibu 3.7 kwa mia ya kupungua. Ndiyo sababu usilinganishe namba mbili kabla ya kuuliza ni za hesabu gani. Koperative inayosema 3 kwa mia kwa kupungua ni rahisi kuliko ile inayosema 2 kwa mia ya kudumu.

Sasa ile 500. Kwa hesabu ya kupungua, mwezi wa nne mtaji ungeshuka hadi 300. Riba ya mwezi wa tano ingekuwa 6, wa sita 4, wa saba 2, na deni lingekwisha. Riba yote ya mkopo ingekuwa dola 96. Kwa hesabu ya kudumu, koperative ilikata katika zile 500 malipo manne, na katika kila moja 24 za riba. Nne mara 24 ni 96. Hayo ni kusema: riba iliyokatwa katika ile 500 peke yake inalingana na riba yote ambayo angelipa tangu mwanzo hadi mwisho kwa hesabu nyingine. Na alikuwa analipa riba ya miezi ambayo haijafika.

Mama aliposikia hivyo alinyamaza. Kisha alisema: "Basi ningewanunulia watoto viatu." Alisema kweli. Kwa mkopo wa riba ya kudumu, kama mapatano hayasemi kwamba anayemaliza mapema anapunguziwa, kuharakisha hakumpi kitu mdeni isipokuwa utulivu wa moyo. Na mtu aliyekimbia vita anahitaji feza mkononi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupeleka feza ya ziada

Kwanza: riba yangu ni ya kudumu ao ya kupungua? Omba waonyeshe kwenye karatasi ya mapatano, si kwa mdomo.

Pili: nikileta ya ziada, mtaiandika kama mtaji ao kama malipo ya miezi inayokuja? Hata ndugu zetu waliopelekwa Marekani na kununua nyumba kule wanakutana na swali hilo. Feza ya ziada isipoandikwa wazi kwamba ni ya mtaji, inaweza kuwekwa kama malipo ya mwezi ujao. Andika neno "mtaji" juu ya hati ya malipo na ubaki na nakala.

Tatu: riba inahesabiwa siku gani? Kama ni kila siku, lipa upesi. Kama ni mwisho wa mwezi ao wa mwaka, lipa kabla ya siku ile, usiipite kwa siku moja.

Nne: kuna adhabu ya kumaliza mapema? Weka adhabu upande mmoja na riba utakayookoa upande wa pili.

Tano: nikimaliza, karatasi za nyumba zitarudi siku gani, na nani atasaini? Kama rehani iliandikwa kwenye hati ya kuandikisha ardhi, ile tunayoita sertifika, kulipa peke yake hakutoshi. Lazima ifutwe pia katika ofisi ya ardhi. Wengi wamelipa yote, wakasahau hilo, na miaka inayofuata parseli inaonekana bado ina deni.

Mama yule alirudi koperative na kitabu chake. Alikuwa bado na malipo manne mbele, na aliomba jambo moja: wamwandikie kwenye karatasi ni dola ngapi akimaliza yote leo, na ni ngapi akingoja hadi mwezi wa kumi na mbili. Walimwandikia namba mbili, na zilikuwa sawasawa. Alizitazama, akakunja karatasi, akaamua kulipa polepole kila mwezi unapofika. Feza iliyofuata kutoka kwa mtoto wake, alinunua viatu.